Randa ya Kuazima

Banda letu la Langoni zamani lilikuwa la punda.
Hata leo, mvua ikinyesha, mbao hunuka punda kidogo,
na Skanda huapa kwamba ndiyo dawa ya mchwa.

Kazi hii haitulishi.
Skanda husoma mita za maji, mlango hadi mlango.
Kahindi hufundisha hesabu, na bado meza yake
ina miguu mitatu inayokubaliana na mmoja mbishi.
Bi Zuena ni mkunga; hufika mikono imesuguliwa hadi viwikoni,
kisha huichafua kwa furaha.
Mimi ni karani. Wiki nzima nagonga mihuri.
Ijumaa, baada ya alasiri, nagonga kitu kinachojibu.

Hakuna mwenye sanduku kamili.
Randa ni ya Skanda, mpini umefungwa utepe wa umeme.
Guni ni ya Kahindi, aliinunua Malindi
kwa bei ambayo kila akiitaja imepanda.
Patasi tano ni za Zuena, zimelazwa kitambaani
kama vijiko vya harusi.
Mchango wangu ni jiriwa ya kale, nzito kama deni,
haitoki bandani.

Nilitaka kumchongea binti yangu rehali.
Rehali, kwa asiyejua, ni ubao mmoja:
hauungwi gundi, haupigwi msumari.
Waupasua unene wake kutoka huku, waupasua kutoka kule,
na katikati waacha vidole vifumbatane.
Msumeno ukipita mstari kwa upana wa ukucha
umebaki na kuni mbili.

Nilikuwa na kuni sita.

"Ngoya," Zuena akanishika kiwiko.
"Husikii? Mti ukikaribia kufunguka hubadili sauti.
Hapo husukumi. Hapo wangoya."
Skanda akauliza kama ndivyo anavyowaambia wazazi.
"Wazazi," akajibu, "wana masikio."

Mwezi wa Rajabu kaka yangu akaleta sanduku kutoka Jeda:
randa tatu, patasi kumi na mbili, jiriwa nyepesi,
guni inayong'aa kama kioo cha kinyozi.
Wapagazi wawili walilibeba kutoka gatini. Mtaa mzima uliona.

Ijumaa ile sikwenda bandani.
Nilipanda juu, nikafunga mlango.
Kila chombo kilikata.
Hakuna aliyesema mstari umepinda,
hakuna aliyeazima penseli asiirudishe.
Kibanzi kikanichoma dole gumba.
Mwiba wa kujidunga, wanasema, hauambiwi pole;
bandani tunaambiana, tena kwa kelele,
mmoja ashika taa, mmoja atafuta sindano,
wa tatu ahadithia kibanzi chake cha mwaka juzi, kilichokuwa kirefu zaidi.
Nikanyonya damu yangu kimya.
Nadhani msumeno ulibadili sauti.
Nadhani nilisikia, nikasukuma.

Kuni ya saba, ya nane.

Ijumaa iliyofuata nikashuka mikono mitupu.
"Nani ataniazima randa?"
Kahindi akainamia mguu wake mbishi. Zuena akakohoa.
Skanda, ambaye Jumanne alikuja kusoma mita ya kwetu
akalikuta sanduku chini ya ngazi,
akalisogeza kwa goti ili aione namba,
akapangusa maranda,
akaigeuza randa, mpini wenye utepe ukaelekea kwangu.
"Irudi kabla ya magharibi."
Kama siku zote.

Rehali ilifunguka siku ile, ikilia kama bata.
Ina mguu mmoja mfupi.
Kahindi alikata kibao cha kutia chini yake,
na hicho, anasema mwenyewe,
ndicho kipimo pekee alichowahi kupata sawasawa.

Sanduku la Jeda nalipunguza kidogo kidogo.
Patasi mbili ziko kwa Zuena. Guni sijui iko wapi.
Likiisha kabisa
nitalijaza maranda, kuku watage.